Mkazo au Mwambo? Historia Fupi ya Elimu ya Utando

Baina ya Ruiru na Thika, pale Juja, kipo chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Humo, kama kwingineko Kenya, fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Je, Kiswahili chaweza kusimulia tawi lake moja bila kulipotosha?

Mwaka 1888 Reinitzer alivumbua fuwele-kimiminika: kitu kitiririkacho ilhali molekuli zake zimepangika. Utando wa seli ni wa jamii hiyo. Mwaka 1973 Helfrich alieleza jinsi utando unavyokinza kupindwa; mwaka 1975 Brochard na Lennon wakaonyesha kwamba joto latosha kuutetemesha utando wa seli nyekundu za damu. (Baadaye ilidhihirika kuwa nishati ya seli yenyewe nayo huchangia.)

Kenya iliingia katika historia hii mwaka 2020, kwa damu ya watoto wa Kilifi. Silvia Kariuki na wenzake waliipima mitetemo hiyo, wakaona kwamba utando wa seli za kundi la damu la Dantu umevutika zaidi, hata vimelea vya malaria huona taabu kuupenya. Ukinzani wa kupindwa haukutofautiana.

Basi kuziita seli hizo "ngumu" ni kosa. Hata "mkazo" una kasoro: kukaza ni kuvuta, tena ni kufanya kigumu, na wanaisimu tumekwisha kulitwaa neno hilo kwa matamshi. Ngozi ya ngoma huwambwa. Napendekeza "mwambo wa utando".