Namna Tatu za Kunakili

Mfalme wa Walunda hafi. Anayekufa ni mtu aliyeshika cheo. Mwant Yav mwenyewe, kule Musumba katika eneo la Kapanga, mkoa wa Lualaba, yupo tangu enzi. Anayetawazwa huvishwa lukano, bangili ya ufalme, na pamoja nayo hurithi jina, wajibu na udugu wote wa waliomtangulia. Ikiwa mshika cheo wa kwanza alikuwa kaka wa chifu fulani, wa leo ni kaka wa yeyote anayekalia kiti cha chifu huyo, hata kama kwa damu hawahusiani, hata kama mmoja ana umri wa mjukuu wa mwenzake. Upande wa Zambia, kwenye himaya ya Kazembe iliyochipuka kutoka Musumba, mwanaanthropolojia Ian Cunnison aliwakuta wazee wakisimulia matendo ya mababu wa karne zilizopita kwa kutumia "mimi". Hawakuwa wakijisifu. Kwao jina ndilo lililosafiri, na jina lilikuwa bado limekaa pale mkekani likizungumza.

Ukifuata mto Lualaba kuelekea kaskazini hadi maziwa ya Upemba, unaingia kwa Waluba, na huko mambo ya kale yalihifadhiwa kwa njia nyingine. Wanachama wa chama cha Mbudye walitumia lukasa, ubao wa mti unaoshikika kwa mkono mmoja, wenye ushanga, simbi na michongo. Msomaji hupitisha kidole juu yake, na kidole kinapogusa ushanga, ulimi hutaja mfalme, safari, mahali patakatifu. Ubao ni uleule, lakini masimulizi hayafanani: msomaji huyapanga kufuatana na walioketi mbele yake na shauri lililowakutanisha. La kale na jipya huingiliana sentensi kwa sentensi, wala huwezi kulikata simulizi ukasema nusu hii ni ya babu na nusu hii ni ya leo.

Namna ya tatu ni ya wahunzi. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta misalaba midogo ya shaba, aina ile iliyotumika kama mali na fedha kwa karne kadhaa. Misalaba hiyo ilisubiwa katika kalibu. Kalibu haitoi hata chembe ya mwili wake: inabaki nzima, na kinachotoka ni shaba mpya tupu.

Uchimbuaji wa Sanga ulifanyika 1957 na 1958. Miaka hiyohiyo, huko California, vijana wawili, Matthew Meselson na Franklin Stahl, walikuwa wakitafuta jibu la swali ambalo lingeweza kuulizwa Musumba, Upemba au kwenye tanuri la mhunzi: kitu kinaponakiliwa, cha zamani kinakwenda wapi?

James Watson na Francis Crick walikuwa wameeleza 1953 kwamba DNA ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na kwamba herufi zake nne hazikutani ovyo: A hukabiliana na T, G hukabiliana na C. Kwa hiyo uzi mmoja unatosha kumwambia mjenzi uzi wa pili uweje. Lakini hilo halikumaliza ubishi, kwani yalibaki makisio matatu. Huenda DNA ya zamani hubaki nzima na nakala ikawa mpya yote, kama msalaba na kalibu yake. Huenda vipande vya zamani na vipya huchanganyika katika kila uzi, kama masimulizi ya lukasa. Au nyuzi mbili huachana, kila mmoja ukajengewa mwenzake mpya, ili kila nakala iwe nusu ya kale na nusu ya leo.

Meselson na Stahl walikuza bakteria kwenye chakula chenye naitrojeni nzito, kisha wakawahamishia kwenye naitrojeni ya kawaida, wakazungusha DNA yao kwa kasi kubwa katika maji ya chumvi ya sizi ili kila uzito ukae kwenye kimo chake. Baada ya kizazi kimoja, DNA yote ilikaa katikati, si nzito wala nyepesi. Kalibu ikashindwa hapo. Baada ya kizazi cha pili ilionekana mistari miwili, mmoja wa katikati na mmoja mwepesi. Lukasa nayo ikashindwa. Iliyobaki ni namna ya Musumba: jina la kale ndani ya mwili mpya.

Sisemi kwamba wazee wa Kilunda waliijua DNA. Maneno hayo tuyaachie vijiwe. Na ulinganisho wenyewe unachechemea, kwa sababu cheo kina mrithi mmoja, ilhali nyuzi za DNA zikiachana kila mmoja hupata makao yake. Kinachonivutia ni kosa, na nani mwenye haki ya kulisahihisha. Musumba ikitokea hitilafu ya urithi, wapo wenye vyeo wa kuamua. Msomaji wa lukasa akipotoka, wanachama wenzake wamo humohumo barazani. Seli haina mzee wa kuikumbusha. Ina kimeng'enya kinachoitwa polimerasi, ambacho hukosea mara moja katika takriban herufi 100,000, hurudi nyuma kuondoa mengi ya makosa hayo, kisha protini nyingine hupita kukagua. Mwishoni hubaki kosa kama moja katika herufi bilioni.

Lakini mkaguzi akiona A imekabiliana na C, atajuaje ipi ni ya asili? Paul Modrich, mmoja wa washindi wa Nobel ya kemia ya 2015, alionyesha kwamba katika bakteria uzi wa zamani una alama za methili, na uzi mpya bado haujawekewa. Kwa muda mfupi seli inamtambua mkubwa na mdogo. Alama zikishaenea pande zote, ukubwa umekwisha. Kosa lililopita hapo hunakiliwa kwa uaminifu uleule wa herufi sahihi.

Polimerasi husonga upande mmoja tu, hivyo uzi mmoja hujengwa kwa mfululizo na mwingine kwa vipande vinavyoungwa baadaye. Vipande hivyo vina jina la Reiji na Tsuneko Okazaki, mume na mke wa Nagoya waliovigundua katika miaka ya 1960. Reiji alikuwa kijana wa Hiroshima mwaka 1945, akapatwa na mionzi ya bomu, akafa kwa saratani ya damu 1975 akiwa na miaka 44. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliounda bomu lile ilitoka Shinkolobwe, katika ukanda wa shaba wa Katanga, mashariki ya mji wa Kolwezi. Sijui mwanafunzi wa biolojia wa Katanga anayefundishwa jina la Okazaki bila kuambiwa hilo amefundishwa nini.

Kobalti, madini mengine ya ukanda huo, nayo ina nyuso mbili. Chembe yake moja imekaa katikati ya vitamini B12, ambayo umbo lake lilichorwa na Dorothy Hodgkin mwaka 1956. B12 ikipungua mwilini, seli hukosa T za kutosha, kunakili kunakwama, na uboho hutoa chembe za damu kubwa zisizokomaa. Hiyo ni kobalti ya kiasi kidogo mno. Ile ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako tangu 2014 watu walichimba mashimo chini ya nyumba zao, ni vumbi la sakafuni na hewani. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walipima wakazi wake na kuchapisha matokeo 2018. Watoto walikutwa na kobalti nyingi mkojoni, tena pamoja na dalili za DNA iliyoharibiwa na oksijeni kali.

Herufi inayoumia zaidi kwa uharibifu huo ni G. Ikishaoksidishwa inaweza kukubali A badala ya C, na zamu inayofuata ya kunakili A hiyo huita T. Pale palipokuwa na G na C, sasa pana T na A, bila ishara yoyote kwamba palibadilika. Kabla ya kunakili, mkarabati angeweza kuitambua G mbovu kwa umbo lake na kuing'oa. Maabara zimeonyesha kwamba kobalti hudhoofisha pia baadhi ya protini za ukarabati.

Kuna jambo hapa ambalo msomaji wa utafiti ule anaweza kulipita. Kinachopimwa mkojoni ni G zilizoharibika ambazo mwili umezitoa. Zile zilizonakiliwa kabla ya kung'olewa hazipiti mkojoni. Anayetaka kuzihesabu itambidi asome DNA yenyewe, ya mzazi na ya mtoto, herufi kwa herufi.