Waliotumwa Beijing Kusomea Reli

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, wapo wanaosema kwamba sasa ndipo vijana wetu wameanza kusomea reli. Kauli hiyo inafuta kizazi kizima, na haifai kuachwa ipite hivihivi.

Yanayojulikana tuyapite haraka. Mkoloni aliwafundisha Waafrika ukarani na ufundi, uhandisi akabaki nao mwenyewe. Benki ya Dunia ilipoona reli ya kwenda Zambia haitalipa, China ilikubali kuijenga, mkataba ukatiwa saini mwaka 1967. Kilomita 1,860 zilijengwa kati ya 1970 na 1975, na reli hiyo, TAZARA, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Simulizi nyingi huishia hapo, kwenye mataruma na mahandaki.

Lakini mwaka 1972, ujenzi ukiwa umepamba moto, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini. Walianza kwa kujifunza Kichina, kisha wakagawanywa kwenye fani: vichwa vya treni, mabehewa, ishara, mawasiliano, uendeshaji wa safari. Walihitimu mwaka 1975, reli ikiwa inawasubiri.

Wapo wanaoiita safari ile propaganda ya Vita Baridi. Siasa ilikuwepo, nani atabisha? Ila siasa haiongozi treni kwenye reli ya njia moja. Treni mbili zinazokabiliana hupishana stesheni tu. Moja huingizwa njia ya pembeni na kusubiri mpaka nyingine ipite. Anayetoa ruhusa ya kupita ameshika roho za watu. Vijana wale walirudi kufanya kazi za aina hiyo, nami sioni hoja ya kuwapuuza.

Tena reli ile ilikuwa chuo chenyewe. Kati ya Mlimba na Makambako njia hupanda ukuta wa milima, na vichwa vya dizeli vya haidroliki vilivyotoka China vilielemewa na mizigo. Miaka ya 1980 vikaletwa vya dizeli-umeme kwa ajili ya mlima huo. Nguvu kiasi gani, mzigo kiasi gani, mteremko gani: hayo ndiyo maswali yanayostahili kuwa utafiti wa mwanafunzi, na yangali hai hadi leo.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, kilianza mwaka 1975 na kupata sheria yake mwaka 1982. Leo kinafundisha mpaka mambo ya anga, na ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, matangazo na maonyesho ya ajira peke yake hayamvuti kijana kwenye fani ya reli. Waliokwenda Beijing walijua wanasomea njia ipi na kazi ipi. Wa leo naye aoneshwe karakana na reli atakayoihudumia, tangu mwaka wa kwanza.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 sasa amepita 70. Wahadhiri wa Mabibo na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watumeni wanafunzi wenu kwa wazee hawa wakiwa na vinasa sauti, mwaka huu, kabla kumbukumbu zao hazijazikwa nao.