Kilomita 72,000 Kufika Handeni

Kutoka Dar es Salaam hadi Handeni ni kama kilomita 200 ukipiga mstari ulionyooka, na hadi Korogwe ni vivyo hivyo. Kwa miaka mingi sauti ya mtangazaji ilivuka umbali huo bila kupitia mnara wowote wa wilayani. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kufikia 1965 ilikuwa imegeuka Radio Tanzania Dar es Salaam. Mitambo yake ya masafa mafupi ilirusha mawimbi juu, yakagonga tabaka la anga lenye chaji za umeme na kurudi ardhini mbali. Mwenye redio Chanika au Kabuku, huko Handeni, aliyadaka moja kwa moja. Sauti ilikuja na kupotea, ikizama kwenye mikwaruzo, na betri zilizochoka zilianikwa juani ili walau zimalizie taarifa ya habari.

Njia ile isidharauliwe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Kazi ngumu ilikuja na FM. Sauti yake ni safi, ila mlima ukikatiza, mawimbi yake huishia hapo, na Korogwe imekaa chini ya milima ya Usambara. Kila mji unadai mnara wake, nao mnara usioletewa sauti kutoka studio ni chuma kitupu.

Kuna waliosafirisha sauti kwa kanda. Studio ya Walutheri mjini Moshi, Sauti ya Injili, ilirekodi vipindi vya Kiswahili na kuvipeleka Addis Ababa, kwenye mitambo iliyoanza kurusha mwaka 1963 na kutwaliwa na serikali ya kijeshi mwaka 1977. Mahubiri huvumilia safari ya namna hiyo. Habari za saa mbili usiku hazivumilii. Njia nyingine ni kupokezana kutoka kilima hadi kilima. Kila hatua ikiwa ya kilomita 50 hivi, Dar hadi Korogwe ni vituo vinne au vitano, kila kimoja na umeme wake, jenereta yake, mlinzi wake na njia ya kupanda wakati wa masika. Kimoja kikizimika, wote walio mbele yake hawasikii kitu.

Setilaiti iliondoa ngazi hizo zote. Afrika Mashariki iliifahamu kwanza kwa ajili ya simu, kituo cha Longonot nchini Kenya kilipofunguliwa mwaka 1970. Redio zilifuata baadaye. Sheria ya Utangazaji ya 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi, Radio One ikaingia hewani mwaka 1994, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikawa inashushwa kwa dishi hadi kwenye FM za redio washirika.

Studio hurusha sauti mara moja tu, na minara yote hupokea papo hapo, ya Handeni sawa na ya Kigoma. Setilaiti iko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo dishi la huku hutazama juu sana na Usambara haiwi kizuizi. Sauti hupanda na kushuka kilomita 72,000, ikichelewa kama robo sekunde. Enzi za masafa mafupi, ungeweka redio mbili mezani, moja ikipokea masafa hayo na nyingine FM ya setilaiti, ungemsikia mtangazaji akijirudia.

Ila dishi la mnarani hupokea tu. Mkata mkonge wa Korogwe anaisikia Dar es Salaam kwa usafi usio na kifani, naye hana njia ya kuijibu kupitia mnara huohuo, kwa kuwa kurusha kwenda juu kunahitaji mtambo mwingine wa gharama kubwa. Ndiyo maana redio ndogo ya wilaya yenye studio yake ina thamani zaidi kuliko mnara wa kurudia vipindi vya mbali, hata kama inasikika tarafa chache tu.

Tangu mwaka 2009, nyaya za baharini na Mkongo wa Taifa zimeleta njia nyingine, na vituo vingi sasa hupeleka sauti kwa intaneti. Dishi hubaki akiba siku mkongo unapokatwa na wachimba mitaro. Nalo lina mshindani: mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka 2015 ulitenga gigahezi 3.4 hadi 3.6, sehemu ya chini ya masafa yanayotumiwa na madishi makubwa, kwa ajili ya simu za mkononi. Dishi lililo karibu na mnara wa simu unaotumia masafa hayo huhitaji kichujio, la sivyo mapokezi huvurugika.