Konokono Katika Chupa

Walioketi nyuma wasogee karibu na redio. Wekeni daftari na kalamu tayari, maana mwisho wa somo tutaandika maneno matatu.

Leo tujiulize hivi: mtu akinunua kitu, kisha akakuta ni kibovu, hasara ni ya nani?

Zamani Waingereza walijibu kwa ufupi: hasara ni ya mnunuzi. Ajihadhari mwenyewe. Tusiwacheke upesi. Wewe ukienda mnadani kununua mbuzi, humpapasa mgongo? Humtazami meno? Humtembezi uone kama anachechemea? Mwenye macho alitakiwa kuyatumia.

Lakini katika karne ya 19 viwanda viliongezeka. Vitu vikaja madukani vimefungwa ndani ya makopo, chupa na makasha. Mnunuzi hakuweza kuona ndani. Macho yake hayakutosha tena.

Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuuza mali, iitwayo sheria ya mwaka 1893. Sheria hiyo ilisema kwamba ukimweleza mfanya biashara kazi unayotakia kitu, ukategemea ujuzi wake, basi kitu atakachokuuzia lazima kifae kwa kazi hiyo. Baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza, sheria za mfano huo zilitungwa Kenya na Tanganyika pia.

Hata hivyo pengo lilibaki. Sheria ile ilikuwa kati ya mwuzaji na mnunuzi tu. Je, mtu aliyedhurika na kitu ambacho hakukinunua yeye?

Sasa sikilizeni habari ya Bibi May Donoghue. Alikuwa mwanamke maskini wa Uskoti, akifanya kazi dukani. Tarehe 26 Agosti 1928 alikwenda mji wa Paisley, akaingia mkahawani pamoja na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyelipa. Wakaletewa kinywaji cha tangawizi katika chupa ya kioo cheusi, kisichoonyesha ndani. Bibi Donoghue akanywa. Rafiki alipomimina kilichobaki, Bibi huyo alisema, alitoka konokono aliyeoza. Alisema pia kwamba aliugua tumbo kwa ajili hiyo.

Angemshtaki nani? Hakununua yeye, basi hakuwa na mapatano na mwenye mkahawa. Na mwenye mkahawa naye hakuweza kuona ndani ya chupa iliyozibwa. Bibi Donoghue akamshtaki mtengenezaji wa kinywaji, Bwana David Stevenson. Shauri lilipanda mpaka Baraza Kuu la Malordi huko London. Bibi Donoghue hakuwa na fedha za gharama, akaomba asikilizwe kama maskini, akakubaliwa.

Tarehe 26 Mei 1932 majaji watano walitoa hukumu. Watatu walikuwa upande wake, wawili walipinga. Jaji Lord Atkin alieleza kwamba imempasa mtu kuangalia asimdhuru jirani yake. Na jirani ni yeyote ambaye ungeweza kujua kuwa kazi yako, ukiifanya kwa uzembe, itamdhuru. Kwa hiyo mtengenezaji ana wajibu kwa mtu atakayekitumia kitu chake, hata kama hajapata kumwona. Habari ya konokono mwenyewe haikuthibitishwa mahakamani, kwani baadaye shauri lilimalizwa kwa mapatano. Lakini hukumu ilibaki, na mahakama za Afrika Mashariki zimeifuata.

Katika Kenya jambo hili limeingia hata katika Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 46 kinampa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kulipwa akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro.

Basi wewe ufanyeje? Kwanza, kagua kitu kabla ya kulipa. Kasoro ambayo ungeiona wazi ulipokikagua haitakusaidia kudai. Pili, mweleze mwuzaji kazi unayokitakia. Tatu, dai risiti, uisome, uitunze. Nne, ukiona kasoro, rudi dukani mapema. Ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema neno, utahesabiwa kuwa umekikubali. Sema kwa adabu, lakini sema.

Mmeona faida ya kusoma? Asiyejua kusoma hupewa karatasi yoyote akaambiwa ni risiti. Ninyi sasa mtaitazama tarehe, bei, na jina la kitu.

Haya, andikeni: kasoro, risiti, fidia. Fidia ni malipo apewayo mtu aliyepata hasara. Kisha kila mmoja amweleze jirani yake kitu kibovu alichopata kununua, na alilofanya. Je, leo angefanya vingine?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.