Neno "Kimataifa" na Mipaka ya Maana Yake: Mtazamo kutoka Kimulot

Neno "kimataifa" limezoeleka mno katika Kiswahili sanifu hata maana yake ni nadra kuhojiwa. Makala haya yanalichunguza kwa kurejelea Kimulot, katika eneo la Konoin, Kaunti ya Bomet, ambako chai huchumwa ili inywewe ng'ambo.

Kimofolojia, kiambishi ki- hapa ni kile cha namna au mfanano, kama katika "kitoto" na "kizee". Hakitaji "baina" wala "kuvuka". Ndiyo maana neno hili hubeba dhana mbili kwa pamoja: uhusiano baina ya dola na dola, na mambo yanayovuka mipaka ya dola bila kuzihusisha serikali. Shina lake, "taifa", lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kundi la watu. Huko Mombasa, Thelatha Taifa (Wachangamwe, Wakilindini na Watangana) pamoja na Tisa Taifa yalikuwa mataifa kumi na mawili ya mji mmoja, kabla Kenya haijawa dola. Taifa, kwa maana hiyo, halikuhitaji mpaka wa nchi.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Katika miaka ya 1920 kampuni za Kiingereza zilianzisha mashamba makubwa ya chai katika ardhi ya Wakipsigis. Mwaka 1934 utawala wa kikoloni ulitunga sheria iliyowahamisha Watalai hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Hakuna mpaka wa dola waliouvuka. Kwa hiyo, kwa maana finyu ya neno, uhamisho huo haukuwa wa kimataifa. Ilhali majani ya chai yaliyovuka bahari yaliitwa bidhaa ya kimataifa pasipo kusita.

Mwaka 2019 Wakipsigis na Watalai waliwasilisha malalamiko yao katika Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 wakaishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mlalamishi hapa si dola. Je, dai hilo ni la kimataifa? Kwa maana ya leo, ni la watu wanaoikabili dola ya kigeni. Kwa maana ya kale ya Mombasa, ni taifa linalozungumza na taifa jingine.

Yafaa basi wahakiki wasiharakie kuunda istilahi mpya ya kutenga dhana hizo mbili. Upana wa "kimataifa" si kasoro ya lugha. Umehifadhi nafasi ya jamii ambazo ramani za dola hazikuzitambua.