Nchi ya Ngara na Wachunguzi Wake: Habari za Elimu ya Jiografia na Neno "Uendelevu"

Ntobeye ni kata ya wilaya ya Ngara, katika mkoa wa Kagera, upande ule ambapo Tanzania yapakana na Rwanda na Burundi. Si jina linalofahamika sana na wasomaji wa kurasa hizi, na huenda wengine wakajiuliza sababu ya kulitaja katika jarida la lugha. Sababu yenyewe ni kwamba nchi hii ya vilima, migomba na kahawa imechunguzwa na wageni kwa muda wa miaka mia na sitini na zaidi, kwanza kwa miguu na dira, kisha kwa ramani, na mwisho kwa tasnifu za vyuo vikuu. Na karibu yote yaliyopatikana yameandikwa kwa lugha ambazo mkulima wa Ntobeye hazisomi. Katika makala haya nataka kueleza jinsi elimu hiyo ilivyokua, na kisha kulitazama neno moja, yaani "uendelevu", ambalo siku hizi halikosekani katika masomo ya shahada za juu za jiografia.

Wilaya ya Ngara imeunganisha nchi mbili za zamani, Bugufi na Busubi. Wenyeji wa Bugufi husema Kihangaza, na wa Busubi husema Kisubi. Malcolm Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu mwaka 1948, alizitia zote mbili katika kundi la D60 pamoja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Yafaa msomaji aushike undugu huo, maana tutauhitaji mbele.

Mzungu wa kwanza kuiandika habari ya sehemu hizi alikuwa John Hanning Speke, aliyepita Busubi, au Usui kama alivyoiita, mwaka 1861 pamoja na James Grant, wakielekea Karagwe. Speke alieleza kwa kirefu shida alizopata kwa ajili ya hongo iliyotakwa na mtawala wa huko, ambaye jina lake aliliandika Suwarora. Juu ya udongo, maji na kilimo alisema machache kuliko juu ya hongo. Wala si ajabu, kwa kuwa hakuja kuitazama nchi hiyo bali kuipita. Alichokitafuta ni mto Nile.

Mto huo huo ndio uliowaleta wengine. Mwaka 1892 Oscar Baumann, Mwaustria, alivuka mto Kagera akaingia Burundi, akadai kwamba chanzo cha Nile ni mto Ruvubu. Mwaka 1894 Count von Götzen alivuka karibu na maporomoko ya Rusumo akaingia Rwanda. Baada yake akaja Richard Kandt, tabibu, ambaye mwaka 1898 alisimama mahali Ruvubu unapokutana na Nyabarongo, juu kidogo ya Rusumo, akayalinganisha maji ya mito hiyo miwili. Aliuona Nyabarongo kuwa ndio mkubwa, akaufuata hata msitu wa Nyungwe. Lakini katika miaka ya 1930 Mjerumani Burkhart Waldecker aliufuata ule wa pili hata Rutovu, Burundi, na huko ikajengwa piramidi ndogo ya mawe. Ubishi huo ulidumu kwa kuwa kila mmoja alipima kitu kingine: huyu wingi wa maji, yule urefu wa njia. Wanafunzi wa jiografia wangali wakifundishwa kisa hicho, na kwa maoni yangu ni somo zuri kuliko mengi, kwa sababu laonyesha kwamba jawabu hufuata kipimo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi ya ramani ikawa kazi ya serikali. Katika mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919, Waingereza na Wabelgiji waliigawanya nchi iliyokuwa ya Wadachi. Mpaka wa kwanza uliitia Gisaka ya Rwanda upande wa Waingereza. Wabelgiji wakalalamika, nayo Gisaka ikarudishwa mwaka 1924. Bugufi, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, haikurudishwa. Ndipo watu waliokuwa wakitazama upande wa magharibi kwa mambo ya utawala, ndoa na ng'ombe wakatakiwa kutazama mashariki. Jambo hili lina maana kwa habari yetu: tangu siku ile jirani wa kilima cha pili, mwenye udongo ule ule na mvua ile ile, alihesabiwa katika daftari nyingine na kuchunguzwa na wataalamu wa lugha nyingine, Kifaransa huku na Kiingereza huku.

Katika Tanganyika ya Waingereza mtu aliyestahili zaidi jina la mwanajiografia hakuwa na kiti katika chuo chochote. Clement Gillman alikuwa injinia wa reli, kisha mshauri wa serikali katika mambo ya maji. Mwaka 1936 alitoa ramani ya wakazi wa Tanganyika, na ramani yake ya mimea ya nchi nzima ilichapishwa mwaka 1949, naye amekwisha kufariki. Katika ramani ile ya wakazi aliona kwamba watu wamekusanyika pembezoni mwa nchi, katika milima na kandokando ya maziwa, kwenye maji ya kuaminika, na kwamba katikati mna pori tupu lenye mbung'o. Mtu akisafiri kutoka vilima vya Ngara kushuka Biharamulo huuona mfano wa hayo kwa macho yake: migomba yakoma, miombo yaanza.

Je, pori hilo lilikuwa tupu tangu zamani? John Ford, aliyefanya kazi ya uchunguzi wa mbung'o kwa miaka mingi na kuijua vema Karagwe na jirani zake, alijibu katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba sivyo. Kwa maoni yake wenyeji walikuwa na njia zao za kukaa na mbung'o na wanyama wa mwitu, na mizani hiyo ilivunjwa na sotoka ya ng'ombe ya miaka ya 1890, njaa, na kisha amri za serikali zilizowahamisha watu. Helge Kjekshus akaliendeleza wazo hilo katika kitabu cha mwaka 1977. Wako waliomlaumu Kjekshus kwa kuipamba mno hali ya kale, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo, baada ya Ford si halali tena kuliita pori "la asili" bila kuuliza nani alikaa humo na kwa nini aliondoka. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na swali hilo lingali pale pale.

Masomo ya juu ya jiografia katika Afrika ya Mashariki yalianzia Makerere. Huko mwanajiografia D. N. McMaster aliichunguza Bukoba, akaandika mwaka 1960 juu ya mabadiliko ya kilimo na makazi yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki, na mwaka 1967 ikaundwa ofisi ya kutathmini rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa jina la BRALUP, ambayo baadaye iligeuka kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Kwa miaka mingi jicho la wachunguzi wa mkoa huo lilielekea Bukoba, kwenye mashamba ya Wahaya, ambako palikuwa na barabara, kahawa nyingi na wasomi wengi. Ngara ilikuwa mbali.

Iliyoifanya Ngara kuwa karibu ni msiba. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walilivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakawekwa Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Kambi nyingine zikafuata: Lumasi, Musuhura, Lukole. Taarifa za mashirika ya kimataifa zilisema kwamba wakimbizi wa Kagera waliteketeza zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku, na kwamba kilomita za mraba 570 za misitu ziliguswa, 167 kati ya hizo zikiharibika vibaya. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi wa Lukole walikaa miaka mingi zaidi.

Hapo ndipo watafiti wa shahada za juu walipofika kwa wingi. Simon Turner kutoka Denmark alikaa na Warundi wa Lukole. Beth Elise Whitaker, Mmarekani, aliwatazama wenyeji, akaonyesha kwamba hasara na faida za kupokea wageni hazikugawanyika sawasawa: aliyekuwa na shamba na nguvu alipata vibarua na soko, na mnyonge alizidi kuwa mnyonge. Uchunguzi huo wa pili wafaa kuwekwa kando ya hesabu za kuni. Hesabu yasema miti mingapi ilikatwa. Haisemi ni mwanamke yupi aliyelazimika kutembea mbali zaidi kutafuta kuni baada ya wageni kuondoka.

Sasa nije kwenye neno. Wazo la maendeleo yasiyowanyima wajao haki yao lilienea duniani baada ya taarifa ya tume ya Bi Brundtland ya mwaka 1987. Kiswahili kililitafutia jina. Wengine walisema "maendeleo ya kudumu", lakini lililoshinda ni "maendeleo endelevu", na kutoka hapo "uendelevu". Kwa umbo ni neno zuri: limetokana na "endelea" kwa kiambishi kile kile kilichozaa "-tulivu", "-sikivu" na "-nyamavu", yaani lataja tabia iliyomkaa mtu au kitu. Dosari yake ni kwamba shina lake ni la mwendo. "Maendeleo endelevu" ni kuendelea kunakoendelea; sikio halipati humo habari ya kutunza wala ya kusaza.

Wanyarwanda, ng'ambo ya Rusumo, walichukua njia nyingine. Wao husema "iterambere rirambye", na sifa hiyo yatokana na "kuramba", yaani kuishi miaka mingi, kukawia duniani. Ni neno la uhai wa mtu lililohamishiwa kwenye mambo ya nchi. Mhangaza, ambaye lugha yake ni ndugu wa damu wa Kinyarwanda na Kirundi, hahitaji mwalimu wa kumfungulia maana hiyo, lakini "uendelevu" atafunguliwa. Sisemi kwamba istilahi yetu itupwe. Imekwisha kukaa katika sheria, sera na vitabu vya shule. Nasema kwamba waliounda istilahi walitazama Kiingereza mbele yao, na hawakugeuka kutazama lugha za Kibantu zilizo ubavuni, ambako mali ilikuwapo.

Wala kasoro haiko kwenye istilahi peke yake. Tangu mwaka 1967 mtoto wa Tanzania katika shule za msingi za serikali amefundishwa jiografia kwa Kiswahili, kisha katika sekondari akaanza upya kwa Kiingereza. Na tasnifu ya jiografia katika chuo kikuu huandikwa kwa Kiingereza. Tasnifu za Kiswahili hutolewa na wanafunzi wa lugha na fasihi. Kwa hiyo aliyezaliwa Ntobeye, akajifunza udongo kwa mama yake katika lugha ya nyumbani, akausoma shuleni kwa Kiswahili, huuandika kwa Kiingereza anapofikia shahada ya uzamili, na matokeo hayo hayawezi kusomwa na yule mama aliyemfundisha kwanza. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, imefanya kazi kubwa ya kuwafikia watu kwa sauti, lakini redio husema ikapita.

Mitambo ya umeme ya Rusumo, yenye megawati 80, imejengwa na Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Kuna vipimo vingi vya maji, udongo na makazi vilivyokusanywa kwa ajili yake pande zote za mto, karibu na mahali Kandt alipopimia. Ingekuwa jambo la manufaa kama vyuo vyetu vingedai kwamba kila tasnifu juu ya Ngara iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa kumi hivi, usio tafsiri ya haraka ya ukurasa wa kwanza, na nakala yake iwekwe katika ofisi ya kata iliyochunguzwa, mahali ambapo diwani, mwalimu na mzee wa kijiji wanaweza kuisoma na kuandika pembeni pale mtafiti alipopotoka.