Spana namba 17, chupa nne na pikapu ya Kagio

Leo hakuna mambo ya seva wala hifadhidata. Nimeshinda Kagio siku mbili, nikachafuka mafuta hadi kwenye viwiko, na nimerudi na kipande cha historia.

Kwa wasioijua, Kagio ni mji wa soko kule Kirinyaga, kwenye njia ya Sagana kwenda Kutus. Nyanya za Mwea hupita hapo kwa makreti. Baba yangu mdogo huzibeba kwa Hilux ya dizeli, ile ya injini ya 2KD. Gari lilianza kwa kukataa kuwaka likiwa na moto, kisha likawa linaishiwa nguvu kwenye vilima. Gereji moja ikachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikapata namba P0087, yaani presha ya mafuta iko chini. Akaambiwa pampu imekufa. Bei ya pampu ingemeza faida ya msimu mzima. Akanipigia simu: "Wewe si mtu wa kompyuta? Njoo uiulize kama inasema kweli."

Kabla ya jibu, turudi nyuma kidogo. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa hushindiliwa mpaka ikawa moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kunyunyiza. Rudolf Diesel alipofanikisha injini yake kule Augsburg mwaka 1897, mafuta yalipulizwa kwa hewa ya kompresa, na kompresa ile ilikuwa dude kubwa la kufaa viwanda na meli. Mwaka 1927 Bosch wakaanza kutengeneza kwa wingi pampu ya kusukuma mafuta yenyewe, na mwaka 1936 Mercedes-Benz wakatoa gari dogo la dizeli, 260 D. Tangu hapo, kwa miongo mingi, mpango ulikuwa ule ule: kila silinda na bomba lake la chuma kutoka kwenye pampu, na presha ya mafuta ndiyo inayoinua sindano ndani ya injekta (mafundi wengi husema nozo).

Huo ndio ulimwengu wa Peugeot 404 na 504 za dizeli nilizoziona nikiwa mtoto. Injini ikianza kumisi, fundi hakuuliza chochote. Aliiacha ikinguruma taratibu, akachukua spana namba 17 na kulegeza nati ya bomba la injekta ya kwanza. Mafuta yakavuja, silinda hiyo ikakosa chakula. Mngurumo ukibadilika, basi silinda ilikuwa inafanya kazi. Anakaza, anahamia ya pili. Akilegeza na mngurumo usibadilike hata kidogo, amempata mgonjwa. Injekta inatolewa na kufungwa kwenye pampu ya mkono yenye geji, kuona kama inanyunyiza ukungu au inadondosha matone. Nilipojifunza kuandika programu nilifundishwa jambo lile lile: zima kipande kimoja, tazama kama tatizo lipo bado. Nilidhani ni ujanja wa watu wa kompyuta!

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1995 Denso walifunga kwenye lori la Hino mfumo wa bomba moja la pamoja, na mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ikauleta kwenye magari madogo ikiwa na presha ya bar 1,350. Linganisha na tairi lako, lenye bar mbili au tatu. Mafuta hukaa tayari ndani ya bomba hilo, na kompyuta hufungua kila injekta kwa umeme. Hapo spana namba 17 ikastaafu. Tafadhali usijaribu kulegeza nati ya mfumo huu injini ikiwaka: mafuta ya presha hiyo hutoboa ngozi, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Kompyuta ikarithi kazi ya sikio. Hupima kasi ya injini kila silinda inapolipuka, na mashine hukuonyesha ni ipi inayoongezewa mafuta ili isibaki nyuma.

Sasa P0087. Kihisi cha presha kiko kwenye bomba la pamoja. Kinajua presha imeshuka, basi. Hakijui imekwenda wapi. Inaweza kuwa filta imeziba, au pampu imechoka, au injekta inarudisha mafuta kwenye tangi kabla presha haijapanda. Mimi ninayeandika ujumbe wa hitilafu kila siku ndiye niliyekuwa tayari kuuamini ule wa gari. Nina aibu kidogo.

Fundi wa Kagio, mzee mmoja mpole, alibadilisha filta kwanza. Hakuna kitu. Kisha akatoa mipira minne myembamba na chupa nne za soda. Kila injekta ya aina hii hurudisha mafuta kidogo kwa njia yake pembeni, na njia hiyo haina presha ya kutisha. Akaunganisha kila injekta na chupa yake, akawasha. Chupa tatu zikapata vidole viwili vya mafuta. Ya tatu ikakaribia kujaa.

"Umeona, kijana?" akasema. "Pampu inafanya kazi. Huyu ndiye anayekunywa."

Nilimuuliza kinachoziua. Alitaja uchafu na maji, halafu mafuta ya taa. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu na injekta. Mafuta ya taa hayalainishi vile. Yalikuwa yakichanganywa kwa kuwa kodi yake ilikuwa ndogo, mpaka mwaka 2018 serikali ya Kenya ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita kuzuia mchezo huo. Tozo hiyo ikamwangukia pia mama anayepikia stovu, lakini hiyo ni makala nyingine.

Tulinunua injekta moja. Pampu haikuguswa. Alfajiri iliyofuata baba mdogo alipakia makreti akaelekea Nairobi, na alipofika Makutano akanipigia kusema gari limewaka likiwa na moto. Alikuwa amelizima makusudi, alijaribu.